Sheria Ikibana, Insafu Iko Wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasikia mawakili wakitaja "insafu". Si ndiyo haki ile ile?

Marahaba. Ni haki, ila ni ile inayohitajika pale kanuni inayowafaa wengi inapomwonea mmoja. Aristotle aliifananisha na rula ya madini laini ya risasi waliyotumia waashi wa kisiwa cha Lesbos: ilipinda kufuata umbo la jiwe. Mtunga sheria husema kwa ujumla, maana hawezi kuliona kila jiwe. Hakimu ndiye analo mbele yake.

Swali: Kwa nini Waingereza walikuwa na mahakama ya sheria na nyingine ya insafu?

Kwa sababu mahakama za mfalme zilijifunga zenyewe. Shauri lisiloingia katika hati zilizokubalika za kufungulia kesi halikusikilizwa, na aliyeshinda kwa kawaida alipewa fidia ya fedha tu. Waliokwama walimwendea mfalme, naye akawapeleka kwa Chansela, afisa wake mkuu.

Tazama rehani. Mtu alikopa, akaweka ardhi, akaahidi kulipa siku fulani. Akichelewa siku moja, sheria ya kawaida, yaani ile ya mahakama za mfalme, ilimwachia mkopeshaji ardhi yote, hata ikiwa thamani yake ilikuwa mara kumi ya deni. Kufikia karne ya 17, Mahakama ya Chansela ilikuwa imeshika msimamo kwamba rehani ni dhamana tu: mkopeshaji apewe fedha zake na riba, kisha arudishe ardhi, hata kama siku imepita. Kwangu mimi hakuna mfano unaoonyesha kazi ya insafu vizuri kuliko huu. Mkataba haukufutwa na deni halikusamehewa. Kilichozuiwa ni mtu kutajirika kwa kuchelewa kwa mwenzake.

Majaji wa sheria ya kawaida walikasirika, Edward Coke akiwa mbele yao. Mwaka 1616 Mfalme James I akaamua upande wa Chansela. Sheria za mwaka 1873 na 1875 ziliunganisha mahakama hizo, zikaweka wazi kwamba sheria ya kawaida na insafu zikigongana, insafu ndiyo itakayoshinda. Nchini Marekani, jimbo la Delaware lina Mahakama yake ya Chansela tangu mwaka 1792, na mpaka sasa huko ndiko yanakopelekwa mashauri mengi ya wakurugenzi waliosaliti kampuni zao.

Swali: Lakini huoni hapo hakimu anaamua apendavyo?

Hofu hiyo ni ya haki kabisa. John Selden, mwanasheria wa karne ya 17, alilalamika kwamba kupima kwa dhamiri ya Chansela ni sawa na kupima kwa urefu wa mguu wake: huyu mrefu, yule mfupi. Lawama hiyo ilisaidia. Kidogo kidogo insafu ikapata masharti: anayeiomba awe na mikono safi, asiwe amelalia madai yake, na amri ya kumlazimisha mtu atimize mkataba isitolewe pale ambapo fidia inatosha. Hakimu asiyeweza kuandika sababu ambayo mwenzake ataifuata kesho, huyo anatoa fadhila, hatendi insafu.

Swali: Je, Ujerumani na Ufaransa, zenye sheria zilizokusanywa katika vitabu, hazina insafu?

Wanayo, ila hawakuijengea mahakama yake; imo ndani ya vifungu. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Madai ya Uswisi ya mwaka 1907 kinamtaka hakimu afuate sheria na insafu pale alipopewa hiari. Sheria ya Ufaransa inasema mkataba unabeba pia yale yanayodaiwa na insafu, hata kama hayakuandikwa.

Ujerumani ilitegemea kifungu cha 242 cha Sheria yake ya Madai, kinachomtaka mdaiwa atimize wajibu wake kwa nia njema. Mwaka 1923 sarafu yao ilikuwa imeporomoka hadi mtu aliyekopa kabla ya vita aliweza kufuta rehani kwa noti zisizonunua chochote. Novemba mwaka huo mahakama kuu ya nchi ilikataa: kulipa namba ileile kwa karatasi tupu si kulipa. Angalia kwamba safari hii aliyeokolewa ni mkopeshaji. Insafu haina upande wa kudumu.

Swali: Fiqhi ya Kiislamu nayo?

Iko istihsani: kuacha kiyasi (kulinganisha jambo na lililokwisha kuamuliwa) kilicho dhahiri kwa sababu yenye nguvu zaidi. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, waliitumia sana. Imamu Shafii aliipinga, kwa hofu inayofanana na ya Selden.

Swali: Na nchi zinaposhtakiana?

Mwaka 1969, katika mgogoro wa Ujerumani Magharibi na Denmark na Uholanzi kuhusu sakafu ya Bahari ya Kaskazini, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliagiza mipaka ipatanwe kwa misingi ya insafu, ikasisitiza kwamba hiyo ni sehemu ya sheria yenyewe. Kuamua kwa haki na wema tu, nje ya sheria, kunaruhusiwa na kifungu cha 38 cha hati inayoiongoza mahakama hiyo iwapo pande zote zitakubali. Mahakama hiyo haijawahi kuamua kesi hata moja kwa njia hiyo.