Klopidogreli ya mtu haiguswi, madogo

Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi dogo mmoja wa intern katupigia slaidi kali, eti Marekani kufika 2019 valvu za aota (mlango wa damu inayotoka moyoni) zinazobadilishwa kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, zilishazidi zile za kufungua kifua, nikapiga makofi. Saa nane mchana namkuta huyohuyo OPD, kliniki ya wagonjwa wa nje, kamwandikia bibi mmoja asimamishe klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, kisa anang'olewa jino. Nikatafuta benchi nikakaa.

1. Hizo trendi za kutibu moyo kwa katheta zinashukia stendi ya mabasi ya Kange, hapa kwetu Tanga. Zamani mtu mwenye stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa kwenye mshipa wa moyo usizibe, Tanga ulikuwa unamhesabu kwa vidole, wengi walikuwa wanasubiri rufaa ya India, ila tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze pale Muhimbili 2015 watu wanazibuliwa mishipa Dar halafu wanarudi na basi, kwa hiyo stenti kaweka mwingine lakini mwenye stenti anakaa Ngamiani na anakuja kwako.

2. Ulizeni stenti iliwekwa lini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa intern, hospitali siitaji, kaja mzee fundi baiskeli, jino limemtesa wiki nzima, shavu limevimba, kanionyesha vidonge kwenye kimfuko cha nailoni. Nikaona aspirini na klopidogreli, nikaogopa damu, nikamwambia kwa kujiamini kabisa, mzee wangu acha hivi vyote siku saba ndo urudi. Akasema ahsante mwanangu dokta. Stenti ilikuwa na miezi minne, chuma hakijafunikwa vizuri na ngozi ya ndani ya mshipa, na chembe sahani za damu, zile za kugandisha, zikikosa wa kuzizuia zinagandia hapohapo. Siku ya tano alfajiri kaletwa kwenye bajaji, jasho shati zima, kashika kifua, kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ST zimepanda V1 mpaka V4, yaani shambulio la moyo ukuta wa mbele, mpaka nesi akanitazama. Nilipanda naye ambulensi, kilomita 350 hivi mpaka Dar, toka Segera mpaka Chalinze nashika mtungi wa oksijeni na mkono wake, yeye ananipa pole mimi, ati nimechoka. Alipona, tena walimzibua upya, lakini eko, ultrasound ya moyo, ikaonyesha ukuta wa mbele hausukumi, na baiskeli sasa anaikokota tu, haipandi.

Jino lenyewe lingeng'olewa vizuri tu huku anameza dawa, anang'ata kitambaa cha gozi basi. Mkikwama pigeni simu kwa waliomwekea stenti, simu ni bure kuliko ambulensi.

3. Pimeni kriatinini, kile kipimo cha figo, kabla ya rufaa, ile dawa ya rangi wanayochoma ili mishipa ionekane inaonea figo.

4. Kanula, ile sindano ya dripu, msichome kwenye kifundo cha mkono wa kulia, siku hizi wazibuaji wa mishipa wanapitisha katheta hapo badala ya kinenani, mtawaharibia njia.

5. Mtu akisema "dawa zimeisha" msiandike tu mwezi ujao, ulizeni zimeisha lini, maana kuna mmoja alikuwa anagawana klopidogreli na mkewe, kidonge nusu kwa nusu, kwa mapenzi.

Yule mzee bado nakutana naye barabara ya kumi na mbili. Nikimpa shikamoo anaitika marahaba, halafu anawageukia wenzake kijiweni: "Huyu ndo dokta wangu wa jino."