Jengo la mita 828 likichakaa, litaondolewaje?

Swali: Mhandisi, kila nikitazama picha za Burj Khalifa, mnara wa Dubai wenye mita 828, na minara mingine inayozidi mita 500 hustaajabu, kisha hujiuliza. Nyumba ya kawaida ikichakaa hubomolewa kwa siku chache. Je, majengo haya yamesanifiwa yadumu miaka mingapi? Muda wake ukiisha yataondolewaje, na je, yakiachwa tu yanaweza kuanguka yenyewe?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali ambalo hata sisi wa taaluma hii tumechelewa kulizingatia. Kwa zaidi ya karne moja tumejifunza kupandisha majengo marefu, lakini elimu ya kuyashusha bado ni changa, nami naliona hilo kuwa pengo kubwa.

Tuanze na umri. Miaka ya usanifu, ambayo kwa majengo ya kawaida huwa 50 na kwa yale yenye umuhimu wa pekee hufikia 100, si tarehe ya kuanguka. Ni kipindi ambacho msanifu anatarajia kiunzi, yaani mifupa ya jengo inayobeba uzito wote, kifanye kazi yake bila ukarabati mkubwa, mradi utunzaji wa kawaida haukatizwi. Adui wa kiunzi si uzito wake, kwa kuwa uzito ulihesabiwa tangu mwanzo; adui ni maji. Chuma kinachokaa pakavu huzeeka polepole sana, na ndiyo maana Empire State Building la New York, lenye urefu wa mita 381, lililofunguliwa mwaka 1931, bado linatumika hadi leo. Zege nalo hulinda nondo zilizomo ndani yake kwa sababu lina alkali nyingi, lakini hewa ya kabonidayoksaidi inayopenya mwaka baada ya mwaka huipunguza alkali hiyo, na chumvi ikizifikia nondo huharibu utando mwembamba unaozikinga. Kutu ikianza huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani.

Burj Khalifa limesimama juu ya nguzo 192 zilizozamishwa ardhini zaidi ya mita 40, mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yana chumvi nyingi kuliko ya bahari. Kwa hiyo wahandisi walitumia zege zito lisilopitisha maji kwa urahisi, wakaongeza mfumo wa kuzuia kutu kwa mkondo mdogo wa umeme. Mfumo wa namna hiyo ni mzuri, lakini unahitaji mtu wa kuukagua na kuuhudumia maisha yote ya jengo.

Upepo, ambao wengi huuogopa zaidi, hunitia wasiwasi kidogo kuliko maji. Umbo la Burj Khalifa hubadilika kadiri linavyopanda ili upepo usipate mdundo mmoja wa kulitikisa, na mnara wa Taipei 101 nchini Taiwan una tufe la chuma la tani 660 lililoning'inizwa karibu na kilele ili kupunguza myumbo. Mambo haya hupimwa kwa makini kabla ya ujenzi kuanza.

Kinachochakaa mapema ni ngozi na viungo vya ndani: vioo, mipira inayoziba nafasi kati ya vioo, lifti, pampu, mabomba na nyaya. Vingi kati ya hivi hudumu miaka 20 hadi 40, maana yake ni kwamba kiunzi kimoja kitavivua na kuvivaa upya mara kadhaa. Mfano unaofundisha sana ni Aon Center la Chicago, mnara wa mita 346 uliokamilika katika miaka ya 1970 na kufunikwa kwa vipande vipatavyo 43,000 vya marumaru nyembamba kutoka Carrara, Italia. Joto na baridi ya mji ule viliyapinda marumaru hayo hata yakawa hatari kwa wapita njia, na kati ya mwaka 1990 na 1992 yalibanduliwa yote na kubadilishwa kwa mawe magumu ya matale (graniti), kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 80. Kiunzi hakikuwa na kasoro yoyote. Iliyoshindwa ilikuwa ngozi. Sasa fikiria Shanghai Tower, mita 632, ambalo mwili wake umejipinda kutoka chini hadi juu, hata vioo vyake vya nje vina maumbo mengi yanayotofautiana. Uzuri huo unanivutia kama unavyomvutia kila mtu, lakini kila umbo la pekee ni kioo ambacho mtu atalazimika kukiagiza upya siku moja.

Nalo swali la kuondoa lina historia fupi. Hadi AXA Tower la Singapore, lenye mita 235 hivi, lilipoanza kubomolewa mwaka 2022, jengo refu kuliko yote lililowahi kubomolewa kwa hiari ya mwenyewe lilikuwa lile la 270 Park Avenue, New York, lenye mita 216, lililokamilika mwaka 1960 na kubomolewa kuanzia mwaka 2019. Kabla yake rekodi ilishikwa na Singer Building la mji huohuo, mita 187, lililojengwa mwaka 1908 na kuondolewa kufikia mwaka 1969. Hakuna kati ya hayo lililobomolewa kwa sababu ya udhaifu. Singer lilikuwa na sakafu finyu zisizofaa kwa ofisi za kisasa, na kwenye kiwanja cha 270 Park umesimama mnara mrefu zaidi. Jengo linalozidi mita 300 halijawahi kubomolewa kwa hiari popote duniani.

Baruti haziwezi kutumika kwa mnara mrefu uliozungukwa na majengo mengine, kwa kuwa hakuna nafasi ya kuangukia. Itabidi jengo lishushwe kutoka juu, ghorofa baada ya ghorofa. Mjini Tokyo, hoteli ya Akasaka Prince, yenye urefu wa mita 140 hivi, iliondolewa hivyo mwaka 2012 na 2013: paa liliachwa kama kifuniko, likashushwa kwa jeki kadiri ghorofa za chini yake zilivyokatwa, na uzito wa vifusi vilivyoteremshwa kwa winchi ukazalisha umeme. Naipenda sana mbinu hii, ila ukubwa wa kazi hubadilika mno ukifika Dubai. Burj Khalifa lilimeza takriban meta za ujazo 330,000 za zege, yaani karibu tani 800,000. Hata tukiacha sehemu iliyomo ardhini, lori la tani 30 lingehitaji safari zaidi ya 20,000, na sehemu kubwa ya mzigo huo ingeshushwa kwanza kutoka mamia ya mita juu.

Hapa ndipo fahari na hatima zinapokutana. Ripoti ya mwaka 2013 ya baraza la kimataifa linalopima majengo marefu ilionyesha kwamba mita 244 za juu za Burj Khalifa hazikaliwi na mtu. Kimo hicho huleta sifa, nazo sifa huvuta wapangaji na watalii, lakini hudumu hadi mwingine ajenge kirefu zaidi. Bili za pampu na vioo hazina mwisho huo. Kwa maoni yangu, kibali cha mnara wowote wa kimo hiki kingepaswa kuambatana na michoro ya namna ya kuushusha pamoja na akiba ya fedha za kazi hiyo, hasa pale ambapo ghorofa zimeuzwa kwa mamia ya wamiliki, ambao hawatakubaliana kwa urahisi siku gharama kubwa itakapofika.

Kuhusu kuanguka lenyewe, kiunzi kitupu huvumilia. Hoteli ya Ryugyong mjini Pyongyang, mita 330, ilisimamishwa ujenzi mwaka 1992, ikakaa gofu la zege kwa zaidi ya miaka 15 bila kuporomoka. Mnara uliokamilika kisha ukatelekezwa ungeharibika kwa mpangilio mwingine. Pampu zingezimika na maji yakajaa ghorofa za chini ya ardhi, mipira ya vioo ingekauka, mvua ingeingia kila sakafu, kisha vioo vingeanza kudondoka. Barabara zilizo chini yake zingelazimika kufungwa miongo mingi kabla nguzo zenyewe hazijafika hatua ya kushindwa.