Nachoma testosteroni, mwili umejaa, mbegu sifuri. Inakuwaje dokta?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 31, nipo Mwanza, nimeoa. Mwaka jana nilianza kuchoma sindano za testosteroni, kuna jamaa wa jimu ndo alikuwa ananiletea, nimechoma kama miezi 8. Mwili umejaa na kitandani sina shida kabisa. Tatizo wife hashiki mimba, tumeenda kupima majibu yangu yamekuja mbegu sifuri. Testosteroni si ndo homoni ya kiume? Iweje iwe nyingi halafu mbegu zisiwepo? Na korodani naona kama zimesinyaa.

JIBU: Marahaba. Pole kaka, ila kwa mtu aliyechoma miezi 8 hiyo sifuri hainishangazi. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuijaribu testosteroni kama uzazi wa mpango wa wanaume, matokeo yalitoka 1990, watu walichomwa miligramu 200 kila wiki na zaidi ya nusu yao mbegu ziliisha kabisa ndani ya miezi 6. Yaani we umekaa kwenye uzazi wa mpango bila kujijua, halafu unamshangaa wife.

Sasa inakuwaje. Chukulia nyumba ina simtanki juu na pampu kisimani, na kwenye tanki kuna boya. Maji yakipungua boya linashuka pampu inawaka, yakijaa linapanda pampu inazima. Ila bomba la hiyo pampu kabla halijafika kwenye tanki linapita bustanini, mchicha wote unaishi kwa hayo maji. Siku moja we unaita boza linakujazia tanki mpaka juu. Ndani maji yapo tele, unaoga unavyotaka, ila boya limepanda, pampu imezima, mchicha unakauka.

Boya lako lipo kwenye ubongo, sehemu inaitwa haipothalamasi. Yenyewe inatoa homoni ya kuamsha, na haiitoi mfululizo, inaitoa kwa kudunda, mara moja kila saa moja na nusu hadi mbili hivi. Kila mdundo unaiambia tezi ya pituitari pale chini ya ubongo itoe homoni mbili, LH na FSH. LH inashuka mpaka kwenye korodani inaamsha seli za kutengeneza testosteroni, FSH yenyewe inaenda kwa seli zinazolea mbegu. Ulivyoanza kuchoma, damu ikajaa, ubongo ukaona mzigo upo ukanyamaza. LH ikashuka, FSH ikashuka, korodani zikakosa kazi.

Na hapa ndo watu wengi wanapochanganya mambo: mbegu hazitegemei testosteroni ya kwenye damu. Zinahitaji ile inayotengenezwa humohumo ndani ya korodani, ambayo kawaida ni nyingi makumi ya mara kuliko ya kwenye damu. Sindano haiwezi kufikisha kiwango hicho mle ndani hata uchome vipi, inachoweza ni kujaza misuli na kukupa hamu, ndo maana kitandani uko vizuri. Kusinyaa nako ni hukohuko, sehemu kubwa ya korodani ni vile vijifereji vinavyotengeneza mbegu, vikiwa tupu inanywea.

Habari njema ni kwamba wengi wanarudi. Ila sio wiki ijayo, mbegu moja kutengenezwa inachukua siku kama 74, bado kusafiri, kwahiyo chini ya miezi mitatu usitegemee kitu, wengi wanarudi kati ya miezi 6 na mwaka, wengine mpaka miaka miwili. Ukiacha sindano kuna wiki kadhaa utajisikia vibaya, hamu hamna, uchovu, hasira za bure, maana boza limekata na pampu bado haijaamka. Watu wengi wanashindwa hapohapo wanarudi kwa jamaa wa jimu, naomba we usirudi.

Wengine tunawasaidia kuamsha pampu, kuna klomifeni, ile ile wanayopewa wanawake yai lipevuke, kuna na sindano za homoni ya mimba ambayo inaigiza LH (usicheke, ukiwa unaitumia ukapima mkojo kwa kile kipimo cha mimba inaweza kusoma mistari miwili). Hizi ni za kuandikiwa na daktari baada ya kupima LH, FSH na testosteroni, na hiyo damu itolewe asubuhi maana mchana testosteroni inashuka. Usije ukazinunua kwa yuleyule jamaa. FSH ikiwa juu badala ya kuwa chini, hapo tatizo ni korodani zenyewe na maelezo yangu ya boya hayakuhusu, tunaanza upya.

Manii pima tena baada ya miezi mitatu, ukae siku 2 hadi 7 bila kumwaga kabla ya kutoa, na wife naye apimwe sasa hivi asisubiri majibu yako. Vile vichupa kama vimebaki usivitupe, njoo navyo hospitali, cha mtaani mi siwezi jua ndani kulikuwa na nini.