Trauti hawagusi chambo mtoni mwanzo wa machipuko

Ndugu, unasema umetoka mtoni asubuhi tatu mfululizo bila hata samaki kugusa inzi wako bandia anayeelea. Mimi nisingeilaumu ndoana. Unawahi mno! Maji yakiwa na nyuzijoto 4 au 5, trauti hulala chini akijibania nguvu, hapandi juu kufuata mdudu mmoja. Lala zako, ufike saa tano au sita mchana, jua likishayapasha maji kidogo.

Tumia chambo cha mfano wa kiluwiluwi (mdudu mchanga wa majini), chenye ushanga mzito wa kukizamisha. Kitupe upande wa juu wa mkondo, kisha ukiache kishuke chenyewe kwa mwendo wa maji karibu na sakafu ya mto, mshipi usikivute. Hapo ndipo wengi tunapokosea: chambo kikikimbia kuliko maji, samaki anashtuka. Chambo kisipogusa jiwe mara mojamoja, ongeza uzito. Tafuta maji yaliyotulia, nyuma ya majabali na kingo za vidimbwi. Kwenye povu kali usipoteze muda.

Mdonoo wenyewe ni hafifu, mshipi unasita tu. Ukisita, inua ufito.

Halafu angalia theluji: ikiyeyuka siku ya joto, mto hujaa ghafla alasiri. Usivuke mbali.