Siku ya kwanza aliongea, ya tatu akazima

SWALI: Shikamoo dokta. Mzee wangu alidondoka bafuni hapa Nkuhungu, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, tukamkimbiza hospitali, CT skani ikaonyesha mshipa wa kichwani umeziba. Siku ya kwanza alitujua vizuri tu hadi akaomba uji, siku ya tatu anasinzia, ukimwita haitiki. Shangazi katoka Mpwapwa anasema ni sindano walizomchoma. Daktari anasema ubongo umevimba. Unavimbaje na hajapigwa?

JIBU: Marahaba binti yangu. Kuhusu sindano siwezi kuhukumu nikiwa mbali, ila uvimbe huwa unafika kileleni kati ya siku ya pili na ya tano, kwa hiyo anachosema daktari wenu kinaendana na siku zenu.

Iko hivi. Mshipa wa kichwani kuziba hivyo ndo kiharusi. Damu ikikatika, seli za katikati ya sehemu iliyokosa damu zinakufa ndani ya dakika chache, za pembeni zinabaki hoi, hazijafa hazijapona. Zinazokufa zinapasuka na kumwaga vilivyomo, hapo walinzi wa ubongo wanaoitwa mikroglia wanashtuka, kwa kawaida wana mikono mirefu myembamba kama miiba ya mgunga, sasa wanaikunja wanakuwa madonge, wanameza mabaki huku wanamwaga kemikali za kuita wenzao. Kuta za mishipa, ambazo kwenye ubongo huwa zimebana kweli kweli, zinalegea, maji yanavujia ndani, na chembe nyeupe za damu zinaanza kupenya ndani ya masaa tu. Fuvu nalo si tumbo, halitanuki, ubongo uliovimba unabanwa, ndo maana mzee anasinzia.

Utasema si wangeizima tu hiyo kinga ya mwili, yaani hao walinzi na chembe nyeupe? Walijaribu! Dawa ya enlimomabu ililenga kuzuia chembe nyeupe zisipenye, matokeo yakatoka 2001, waliopewa wakawa na hali mbaya kuliko waliopewa dawa feki ya kulinganishia, isiyo na kitu ndani. Tena hizi chembe za kinga zinazovuruga mwanzoni, nyingine ndo zinakuja kufagia uchafu baadaye.

Hamjaniuliza ila nasema: kiharusi kikubwa kinashusha kinga ya mwili mzima, nimonia inapata mlango. Ule uji alioomba mlimpa? Kwa mtu anayesinzia hivyo unaweza kupita njia ya hewa ukaishia mapafuni. Asipewe kitu mdomoni, hata maji, mpaka wampime kumeza, kwa sasa wanaweza kumlisha kwa mpira wa puani. Muulizeni nesi leo leo.