Maswali ya Wasomaji: Kuzipima Risasi za 9.3x62 Kabla ya Msimu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimerithi kwa marehemu baba bunduki ya Mauser ya 9.3x62 (yaani kichwa cha risasi kina kipenyo cha milimita 9.3, na ganda lake lina urefu wa milimita 62), na taratibu zote za umiliki polisi nimekwisha kuzikamilisha. Risasi zake ni adimu. Nimefanikiwa kupata aina tatu: Oryx ya Norma yenye kichwa cha gramu 18.5, Uni Classic ya RWS ya gramu 19, na nyingine ya shaba tupu ya gramu 16.2. Wenzangu wenye bunduki za .30-06, aina iliyoenea, huulizana wao kwa wao risasi ipi inafaa, lakini mimi sina wa kumwuliza. Natarajia kuwinda pofu na kongoni. Nitajuaje ipi ya kuaminiwa?
Msomaji, Songea

JIBU: Ndugu msomaji, risasi ya 9.3x62 ilibuniwa na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka 1905, na miongoni mwa waliolengwa ni walowezi wa Kijerumani waliokuja huku kwetu na kuhitaji bunduki moja ya bei nafuu inayoweza kuangusha karibu kila mnyama. Kwa pofu, kwa hiyo, nguvu unayo ya kutosha. Kinachobaki ni kujua kichwa cha risasi kinafanya nini kikitoka katika mtutu wako, na hapo ndipo vipenyo visivyo vya kawaida vinapotatiza, kwa sababu kichwa kilekile cha milimita 9.3 hutumiwa katika 9.3x57, 9.3x62, 9.3x74R na 9.3x64, ambazo mwendo wake hutofautiana sana. Kichwa cha gramu 18.5 hutoka katika 9.3x57 kwa takriban mita 630 kwa sekunde, katika yako kwa takriban mita 720, na katika 9.3x64 huenda kasi zaidi ya hapo. Kichwa kinachosifiwa na mwenye 9.3x64 huenda kikapita mwilini mwa mnyama wako bila kufunguka, na kile anachokipenda mwenye 9.3x57 huenda kikasambaratika kwenye bega. Sifa za watu wengine, basi, zichukue kama tetesi mpaka utakapopima mwenyewe.

Anza na karatasi, katika uwanja ulioidhinishwa wa kulenga shabaha. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tatu za aina moja kwa mita 50, subiri mtutu upoe, kisha rudia kwa mita 100. Matundu matatu yanayofunikwa na kiganja yanatosha kwa mnyama mwenye ukubwa wa pofu, na sioni sababu ya kumaliza risasi za thamani ukitafuta zaidi ya hapo. Kabla ya kuhamia aina nyingine, safisha mabaki ya shaba ndani ya mtutu, la sivyo utakuwa unapima uchafu wa risasi iliyotangulia. Yatazame pia matundu yenyewe kwa karibu. Tundu la mviringo kamili lina maana kwamba kichwa kimefika kikiwa kimenyooka, lakini tundu lililorefuka upande mmoja, kama alama ya kokwa ya tende, linaonyesha kichwa kinachoyumba. Jambo hili liangalie hasa kwa ile ya shaba tupu, kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, na kichwa chake huwa kirefu kuliko kingine cha uzito uleule. Michirizi ya mtutu wa 9.3x62 kwa kawaida huzunguka mara moja katika milimita 360, mzunguko wa taratibu usiotuliza vyema kichwa kirefu sana, na ndiyo maana gramu 16.2 ni chaguo la busara kwa shaba.

Baada ya hapo ndipo upime namna vichwa vinavyofunguka. Loweka magazeti usiku kucha, yafunge kwa kubana, na uyapange ndani ya maboksi yenye urefu wa mita moja na zaidi, kukiwa na tuta nene la udongo nyuma yake. Mbele weka bega bichi la ng'ombe kutoka buchani, kwa sababu mfupa uliokauka hupasuka tofauti na mfupa wa mnyama hai. Wengi hukosea kwa kupiga kutoka mita 10 tu, mahali ambapo kila kichwa kina mwendo wake wa juu kabisa na kile cha shaba hufunguka vizuri mno. Piga kwa mita 25, kisha kwa mita 150, ambako mwendo umekwisha kushuka kuelekea mita 600 kwa sekunde. Vitafute vichwa, vioshe, na uvipime kwa mizani ya sonara: kichwa cha gramu 18.5 kilichobaki na gramu 16 au zaidi, na kilichopanuka karibu mara mbili ya kipenyo chake, kimefanya kazi yake. Usizitafsiri sentimita za magazeti kuwa sentimita za nyama, kwani karatasi iliyolowa huzuia kichwa zaidi. Manufaa yake ni kulinganisha aina zako tatu kwa kipimo kimoja.

Usiyaache maboksi ya risasi juu ya dashibodi ya gari juani. Baruti iliyopata joto huongeza shinikizo, na vipimo vya asubuhi havitafanana na vya mchana.

SWALI: Duka moja lina risasi za 9.3x64 na za 9.3x74R kwa bei nafuu. Kwa kuwa kipenyo ni kilekile, naweza kuzitumia? Na nyati je?

JIBU: Usizitumie kabisa. Kipenyo cha kichwa ni kimoja, lakini maganda ni tofauti: 9.3x64 ni ndefu na nene zaidi na ina shinikizo kubwa zaidi, na 9.3x74R ni ndefu kupita chemba yako, tena ina ukingo kitakoni kwa ajili ya bunduki zinazofunguliwa kwa kukunja mtutu. Kuhusu nyati, nchi nyingi za Afrika zimeweka inchi .375 kuwa kipenyo cha chini kabisa kwa wanyama hatari, na milimita 9.3 ni inchi .366. Uliza TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kabla ya kulipia kibali.