Miguu yako si mizito, Mama Z., ila unachelewa kuondoka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunacheza badminton hapa Tanga, jioni mara mbili kwa wiki, kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji. Huu ni mwaka wa tatu. Nikicheza peke yangu nawafunga wanawake wote pale na wanaume kadhaa. Tukicheza wawili wawili tunafungwa na wazee wa miaka sitini! Mara tunagonganisha raketi katikati, mara kila mmoja anamwachia mwenzake, kinyoya tunachopiga kinaanguka na sisi tunatazamana. Mume wangu anasema nina miguu mizito, niruke kamba. Nimekutumia video. Nifanye mazoezi gani ya miguu? – Mama Z., Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Z. Kamba ruka tu, haina ubaya, lakini siyo itakayokutoa hapo ulipo. Video nimeitazama mara tatu, na mara ya tatu niliwaacha ninyi nikawatazama wale wazee. Hawakimbii. Yule wa kofia nadhani hakupiga hatua tatu mfululizo mchezo mzima.

Tupige hesabu kidogo. Uwanja wa wawili una upana wa mita 6.10. Mkigawana kushoto na kulia, kila mmoja anabaki na mita 3.05. Ukisimama katikati ya eneo lako, mstari wa pembeni uko mita moja na nusu hivi kutoka ulipo. Raketi yaweza kufika sentimita 68, ongeza na mkono ulionyooka. Kilichobaki ni hatua moja, basi. Hendra Setiawan wa Indonesia alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2019 akiwa na Mohammad Ahsan, naye akiwa na miaka 35, miaka 11 baada ya dhahabu yake ya Olimpiki. Kwenye mchezo huu mtu wa umri huo hawashindi vijana kwa mbio.

Sasa rudi kwenye video, dakika ya nne hivi. Mzee wa kofia anakidondosha kinyoya karibu na wavu upande wako. Unafika vizuri, unakiinua juu hadi nyuma kabisa. Pigo zuri. Halafu unasimama palepale wavuni unalitazama, raketi imening'inia gotini kama mwavuli baada ya mvua. Mume wako naye yuko nyuma katikati, hajasogea hata kidogo. Mzee anajipanga taratibu, anapiga smashi, lile pigo kali la kushuka chini, pembeni mwa mume wako, kwisha. Mumeo anakugeukia wewe.

Kosa hapo ni la wote wawili, na halikuanzia miguuni. Kwenye wawili wawili, pigo ulilopiga ndilo linalokwambia usimame wapi. Ukikipiga kinyoya kuelekea chini, ninyi ndio mnaoshambulia: mmoja mbele, mmoja nyuma. Ukikiinua juu, umewakabidhi wao shambulio, kwa hiyo mnatakiwa kuwa ubavu kwa ubavu. Aliyeinua arudi nyuma moja kwa moja upande uleule alipo, mwenzake achukue upande uliobaki. Na mwendo huo uanze kinyoya kikiwa bado kinapanda. Kile kinyoya kikiwa hewani ndio muda wenu, na ninyi mnautumia kutazama.

Najua kwa nini mumeo habanduki katikati. Wanaume wengi wakicheza na wake zao humwambia mke akae mbele, huko nyuma watashughulika wao. Mkiwa mnashambulia mpango huo unafaa sana. Mkiwa mnajilinda, yeye peke yake anaachiwa mita 6.10 azilinde, na wewe unabaki wavuni ukisubiri kupigwa cha kifua. Mwambie akuamini upande wako.

Mkishakaa ubavu kwa ubavu, kuna kimruko kidogo cha kujifunza. Mpinzani anapopeleka raketi mbele kupiga, unaruka kidogo sana, kiasi cha kupitisha gazeti chini ya raba, na unatua wakati uleule anapogusa kinyoya. Miguu ipanuke kupita mabega, magoti yalegee, uzito uwe mbele ya nyayo. Ukitua hivyo, mguu wowote uko tayari kusukuma. Mtu aliyesimama wima lazima kwanza akunje magoti ndipo aondoke, na huko kukunja ndiko mumeo anakokuita miguu mizito. Raketi ikae mbele ya kiuno unapojilinda. Ukiwa mbele unashambulia, ipande hadi usawa wa uso.

Kuhusu katikati, watu wengi wa vilabuni hufuata kanuni ya kwamba mwenye kiganja (mkono wa raketi, anayepiga bila kuugeuza) upande wa kati ndiye apige. Ni nzuri kwa kuanzia. Mimi hufundisha nyingine: anayetazamana moja kwa moja na mpigaji alinde mstari wake wa pembeni, aliye kimshazari naye asogee ndani achukue katikati, kwa sababu smashi ya kimshazari husafiri mbali zaidi na humpa nafasi ya kuifuata. Yoyote mtakayochagua, semeni. "Changu!" ikitoka mapema huokoa raketi. Mimi nina kovu juu ya sikio la kushoto kwa sababu mwenzangu wa zamani alikuwa mtu mkimya.

Ukiwa mbele umeuganda mno wavu. Simama nyuma kidogo ya mstari wa mbele wa servisi (pigo la kuanzishia), ule ulio mita 1.98 kutoka wavuni. Hapo kinyoya kinachopita kasi usawa wa kichwa unakiwahi. Ukiubana wavu, kinakupita kabla hujapepesa macho. Na acha kugeuka nyuma kumtazama mumeo anapopiga. Nusu ya habari unayoitaka iko kwa wapinzani wako, na ajali za macho huweza kuanzia hapo hapo pa kugeuka.

Servisi yako sina neno nayo. Kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 unapokigusa, lenga pale mstari wa kati unapokutana na ule wa mbele, na raketi ipande mara tu unapomaliza.

Umetaja saruji, na hapo nataka tuelewane. Video inaonyesha umevaa raba za kukimbilia, zenye soli nene ya sponji. Hizo zimetengenezwa kwa kwenda mbele. Ukisukuma kando, mguu unakaa juu kama umepanda tofali, na kifundo kinapinda. Tafuta zenye soli nyembamba ya mpira laini, iliyo bapa. Ukijinyoosha kufuata cha wavuni, mguu wa upande wa raketi ndio utangulie, kisigino kitue kwanza, vidole na goti vielekee upande mmoja. Mazoezi ya kurukaruka juu ya saruji punguza, magoti hayana spea.

Mazoezi yenyewe ni mawili. La kwanza halihitaji kinyoya: mumeo asimame ng'ambo ya wavu akuonyeshe kwa kidole, mbele, kando, nyuma. Kila anapoonyesha, kimruko, hatua moja au mbili, piga hewa, rudi. Sekunde 20 kazi, 40 pumziko, mara sita, kisha mbadilishane. Msihesabu kasi, hesabuni mara ulizotua kwa wakati.

La pili chezeni na wale wazee, mpaka pointi 11, kwa sharti kwamba anayeinua kinyoya juu amepoteza pointi. Mtalazimika kutafuta pigo la chini kila mara, na mtu wa mbele atapata kazi badala ya kuwa mtazamaji. Siku ya kwanza mtafungwa vibaya. Baada ya wiki tatu nitumie video nyingine, na mkifika hapo kamba mwachie Baba Z. aruke yeye.